Barabara si uwanja wa mashindano

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (SW). Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, usiku wa kuamkia Idd mmoja, mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, takbira zilisikika msikitini, na barabarani zikasikika pikipiki zilizotobolewa eksozi. Vijana walipiga ligi hadi saa saba usiku, wengine wamepakia mshikaki. Asubuhi yake, badala ya kuswali Idd pamoja na kijana mmoja wa jirani, tulimswalia yeye. Waliokuja kumpa pole mama yake walisema: "Ndiyo kadari ya Allah." Msibani nilinyamaza, lakini leo nasema.

Kuamini kadari ni nguzo ya imani. Lakini Allah huyo huyo, katika Suratul Baqara aya ya 195, ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Pikipiki inayokwenda kilometa 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kwa sekunde moja. Mtoto akitokea umbali huo, dereva hajawahi hata kushika breki. Basi aliyechagua mwendo huo katikati ya makazi ya watu asimsingizie Mola wake.

Vijana wataniuliza: "Sheikh, kila kitu haramu?" Hapana. Najua utamu wake. Kijana asiye na kazi, asiyesikilizwa nyumbani, kwa dakika mbili anashangiliwa na mtaa mzima. Mtume (SAW) hakuiua hamu ya kushindana, bali aliiwekea mipaka. Ibn Umar (RA) amepokea, katika Sahihi Bukhari, kwamba Mtume alishindanisha farasi. Waliofanyiwa mazoezi walikimbia kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa. Wasiofanyiwa wakapewa masafa mafupi, kutoka hapo hadi msikiti wa Bani Zurayq. Mwanzo ulijulikana, mwisho ulijulikana, na kila farasi na kiwango chake. Lakini katika msafara wa kutoka Arafa, aliposikia watu wakiwapiga ngamia ili wakimbie, aliwaamrisha watulie, akawafahamisha kuwa wema haupatikani kwa kukimbizana. Uwanja una hukumu yake, na njia ya watu ina yake.

Na akifa mpita njia? Suratun Nisaa aya ya 92 inamtaka aliyemuua muumini bila kukusudia atoe diya kwa jamaa wa marehemu, ila wakisamehe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa. Asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo. Jiulizeni, ni wangapi mnaowajua waliofunga? Sisi tukishasema "ajali", tumemaliza.

Wala lawama si ya vijana peke yao. Yupo baba aliyenunua pikipiki asiulize usiku iko wapi. Yupo fundi aliyetoboa eksozi, na wapo waliokaa kijiweni wakiwekeana dau, ambayo ni kamari tu. Nami nimo. Usiku ule niliisikia milio ile nikiwa kitandani, nikajifunika shuka. Najua nitaulizwa.

Basi Idd ijayo, wazee wa misikiti tutoke mapema tukakae na vijana wetu, na tuwatafutie kiwanja cha michezo kabla hawajajitafutia barabara. Allah amrehemu kijana wetu, ampe subira mama yake, na atusamehe tulionyamaza. Amin.