Kura za Kituo Namba 13

Mtu akiingia madarakani kwa hila, kisha akatenda mema makubwa, je, mema hayo yanaifuta hila yake? Wengi hujibu upesi kwamba yanaifuta. Mimi nasitasita, na mfano wangu watoka katika jimbo la Texas, Marekani, mwaka 1948.

Mwaka huo Lyndon Johnson na Coke Stevenson, aliyepata kuwa gavana, walishindania kuteuliwa na chama cha Democratic kugombea useneta. Texas ya wakati ule ilikuwa ngome ya chama hicho. Aliyeteuliwa alikuwa kama amekwisha kuchaguliwa. Duru ya pili ilifanyika tarehe 28 Agosti, na kura zilizopigwa zilikaribia milioni moja. Siku sita baadaye, kituo namba 13 katika mji wa Alice kilirekebisha hesabu yake, Johnson akaongezewa kura 200 hivi. Majina ya wapiga kura hao yalikuwa mwishoni mwa orodha, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, tena yamefuatana kialfabeti. Nani amepata kuona foleni ya namna hiyo?

Johnson alishinda kwa kura 87. Kamati ya chama ilimwidhinisha kwa kura 29 dhidi ya 28. Mahakama ya shirikisho ikazuia jina lake, lakini Jaji Hugo Black wa Mahakama ya Juu akaliondoa zuio hilo. Mwaka 1977 Luis Salas, aliyesimamia kituo kile, alikiri kwamba kura zile zilikuwa za uongo.

Sasa sikiliza upande wa pili. Johnson huyo huyo, akiwa Rais, alitia sahihi sheria ya haki za raia mwaka 1964, na mwaka 1965 sheria ya haki ya kupiga kura, iliyofuta mitihani ya kusoma iliyotumiwa kuwanyima Weusi wa Kusini kura zao. Watetezi wake husema: bila Alice, yasingekuwapo hayo.

Huenda. Lakini aliyeiba mwaka 1948 hakuiba kwa ajili ya mwaka 1965. Katika kampeni ile ile Johnson aliupinga mpango wa haki za raia wa Rais Truman. Hatuwezi kumlipa mtu leo kwa nia ambayo hakuwa nayo jana. Tena, tukiiandikia Alice sheria zile upande wa faida, haki yatutaka tuandike na vita vya Vietnam upande wa hasara, maana ni Rais yule yule aliyepeleka majeshi mengi huko mwaka 1965. Daftari la namna hiyo halifungiki.

Lililo zito kwangu ni hili. Sheria ya 1965 yasimama juu ya nguzo moja: kura ya kila mtu, hata mnyonge, ihesabiwe kama alivyoipiga. Anayeisifu sheria hiyo ili kuhalalisha kura za Alice anaikata nguzo yenyewe. Mema ya Johnson tuyashukuru kwa kuwa ni mema. Wizi tuuite wizi. Msomaji, moyo wa mtu mzima hauna budi kuyabeba yote mawili, wala lisifanywe moja kuwa sabuni ya jingine.