Utulivu wa Moyo Siku za Sikukuu

Kila mwaka mwezi wa Desemba ufikapo, njia itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa mabasi. Wana wa Kilimanjaro warudi kwao kula Krismasi pamoja na wazee wao, na desturi hii ni njema. Lakini twaujua pia mzigo wanaosafiri nao: nauli, nguo za watoto, mbuzi wa kuchinja, zawadi za wakwe, na nyuma ya hayo yote Januari yangoja, shule zifunguliwapo, nayo yataka madaftari, sare, na pengine ada. Hivyo siku ya furaha hugeuka kuwa siku ya hofu.

Sisi wenyewe hatukuepukana na jambo hili. Mwaka mmoja, usiku wa kuamkia Krismasi, tulikuwa tukihesabu fedha, nazo hazikutosha. Mtoto wetu mdogo akaja kutuonyesha nyota aliyoikata kwa karatasi. Hatukuitazama, tulimkemea aondoke. Asubuhi tuliikuta nyota ile chini ya kitanda, imefinyangwa. Na kukemea kule hakukutuongezea hata senti moja.

Huko Marekani, mwaka 1979, bwana mmoja, Jon Kabat-Zinn, alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu ya siku nyingi katika chuo cha uganga cha Massachusetts. Mafunzo yake, ambayo sasa huchukua majuma 8, ni haya: mtu atulie, aisikie pumzi yake ikiingia na kutoka, na wazo likimpeleka mbali alirudishe taratibu pasipo kujilaumu. Asili yake ni mazoezi ya Wabuddha, lakini yeye aliyafundisha kama msaada kwa wagonjwa, si kama dini. Nayo si mambo ya ajabu. Mwenye wasiwasi moyo humwenda mbio na pumzi huwa fupi. Akipumua polepole, mwili nao huanza kutulia.

Hapa mtu atauliza: Je, huu si uvivu? Wageni wako mlangoni, kuni hazijapasuliwa, nawe waketi kusikiliza pumzi! Swali hili ni la haki, na Martha alilia vivyo hivyo juu ya nduguye Mariamu. Mume aketiye kivulini, huku mkewe akimenya ndizi tangu alfajiri, hakutulia huyo; amemtwika mwenziwe mzigo wake. Tena pumzi hailipi deni, na wahenga walisema, Mkono mtupu haulambwi.

Lakini utulivu wa kweli haufumbi macho, bali huyafumbua. Aliyetulia huona ya kuwa mkewe amechoka, naye huinuka akashika shoka. Huona ya kuwa mbuzi wa pili hakutakiwa na tumbo, bali na majivuno. Huweza kumwambia mzee wake kwa adabu, "Baba, mwaka huu nimekuja na sukari tu," wala asikope ili aonekane mkubwa.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujahesabu fedha zako usiku ule, keti kidogo, upumue mara kumi polepole, ukatazame ni nani aliyesimama mbele yako. Fedha zitangoja hata asubuhi. Mtoto mwenye nyota mkononi hangoji.