Keki Iliyobonyea

Wapendwa wanandoa, je, ni ubadhirifu mama akijaribu keki mpya nayo ikabonyea katikati?

Chukueni Jumapili baada ya Misa. Baba ameketi na kitabu cha hadithi. Mama amewasha jiko, ametia mchanga katika sufuria kubwa, ameweka sufuria ndogo ya keki ndani yake, akafunika na kupanga makaa machache juu ya mfuniko. Akifunua kabla haijaiva, keki inashuka. Hapo baba hufunga kitabu na kuuliza bei ya mayai.

Lakini baba huyo akisoma kurasa mia mbili za hadithi isiyompendeza, nani humdai hesabu? Kusoma ni burudani, na kujaribu mapishi mapya ni burudani vilevile, ila hii ya pili huliwa na nyumba nzima. (Watoto hawajali umbo.) Kweli, unga na mayai ni pesa, basi pataneni mapema kiasi cha kutumia. Hata hivyo, pumziko la mke halihitaji kufaulu ndipo liwe halali.

Swali gumu zaidi ni hili: mama huyo anapumzika kweli, au anapika kwa kuwa hakuna mwingine wa kupika? Baba, hutajua mpaka umwulize. Akisema anapumzika, mwachie jiko, nawe uoshe sufuria. Akisema amechoka, mpe kitabu. Hayati Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alihimiza maneno matatu nyumbani: naomba, asante, samahani. Aliyeuliza bei ya mayai aanze na la mwisho.