Adabu ya Uani

Adabu ya mtu haipimwi barazani peke yake, ambako mkeka hukung'utwa na maneno huchaguliwa kwa ajili ya mgeni. Hupimwa zaidi uani, asikofika mgeni, lakini ndiko mke apikako, watoto wachezako, na mzee aotako jua la asubuhi. Mwenye kupamba baraza na kuuachia ua wake magugu na makopo amewakirimu watu wa nje kwa haki ya watu wa nyumbani mwake, na hiyo ni dhuluma ingawa haina mshitaki.

Basi nasaha ya kwanza, ndugu msomaji, ni kutazama kabla ya kufyeka. Chutama uani baada ya mvua, ukitazame kifuu kimoja cha nazi kilichotupwa karibu na jiko: katika maji yasiyojaza kiganja utaona viluwiluwi vikining'inia kichwa chini, ncha za mikia zimegusa uso wa maji vipate kuvuta pumzi, na kivuli cha mkono wako kikipita, vyote huzama kwa kujinyonganyonga. Katika joto la pwani yetu, siku 7 hadi 10 humtosha mbu kutoka yai hata kupata mbawa, na akishazipata hautambui ukuta ulio baina yako na jirani. Kwa hiyo kumwaga maji ya vifuu na kufunika mtungi kila juma ni haki ya jirani kabla ya kuwa usafi wako.

Nasaha ya pili, usifanye kazi kwa hamaki. Ua ulioachwa miaka hautengenei kwa alasiri moja. Bandu bandu huisha gogo. Safisha pembe moja, uidumishe, ndipo uiendee ya pili. Magugu yang'oe na mizizi yake ardhi ingali laini, kabla hayajamwaga mbegu, na majani makavu yafukie chini ya mgomba yaoze yawe mbolea, badala ya kuyachoma ukawafukiza moshi wagonjwa vitandani na nguo za watu kambani.

Nasaha ya tatu, panda kwa nia njema: mrehani karibu na mlango wa jiko, ukikonyoa maua yake mapema ili majani yazidi, mwasumini ukutani, ambao vitumba vyake huchumwa jioni kabla havijafunguka, vikatungwa koja, mlimau na mpera penye jua la kutosha. Mtume alifundisha kwamba mti alioupanda Mwislamu, akala kwao ndege, mtu au mnyama, huwa sadaka kwa aliyeupanda. Usimkemee basi mtoto wa jirani kwa pera lililoangukia upande wake. Bali tunda la kwanza mpelekee sahanini, na sahani hiyo usiidai.

Nasaha ya nne nawausia waume wenzangu: msiwaachie wake zenu jembe na ufagio, kisha mkawalaumu kwa uchafu. Fyeka wewe, na kila mtoto mpe mche mmoja aumwagilie, ajifunze subira kwa kungoja jani jipya.

Masika huingia mwezi wa Machi. Shika jembe kabla yake, wala usingoje arusi au matanga ndiyo yakufyekeshe ua kwa kuona haya mbele za watu.