Kutoa ni Moyo, na Kutunza Je?

Wahenga walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Neno hili twawafundisha watoto shuleni, na makanisani twalisikia mara nyingi. Lakini liko swali ambalo methali hii hailijibu, nalo ndilo tutakalo kulifikiri pamoja na wasomaji wetu mwezi huu. Je, mtu akiisha kutoa, wajibu umekwisha? Na kipawa chake kikiharibika njiani kabla ya kumfikia mhitaji, ni nani aliyemnyima mhitaji yule?

Twauliza hivi kwa ajili ya damu. Zamani mgonjwa aliyehitaji damu alitegemea zaidi ndugu zake waliomfuata hospitalini. Mwaka 2004 nchi yetu ilianzisha Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na Mwanza ikawa mojawapo ya vituo vya kanda, kwa ajili ya watu wa pande hizi za Ziwa. Tangu hapo watu wenye afya huombwa watoe damu kwa hiari, pasipo malipo, kwa mgonjwa wasiyemjua.

Wapo wasemao, "Damu yangu nitampa ndugu yangu siku atakapougua. Mgeni ana ndugu zake." Neno hili lina sura ya upendo, lakini tulipime. Mama avujaye damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa katika muda wa saa mbili. Ndugu zake wakiitwa saa ile, wengine wako mbali, wengine damu yao haipatani na yake, na damu ya mwingine yataka kupimwa kwanza isije ikawa na virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya aina B au C, au kaswende. Kwa hiyo damu imwokoayo ni ile iliyokwisha kupimwa na kuwekwa tayari, yaani damu ya mtu aliyeitoa kabla hajajua ni ya nani. Asiyetaka kumpa mgeni hawezi kumwokoa hata ndugu yake kwa wakati. Yule Msamaria hakuuliza kabila la mtu aliyelala njiani. Naye atoaye damu hatauona hata uso wake.

Basi hapa ndipo penye shida. Mtu akimpelekea ndugu yake chakula, hukilinda njia nzima. Lakini kilichotolewa kwa mtu asiyejulikana, nani atakilinda? Mfuko wa damu hupita mikono mingi: ya muuguzi atoaye, ya mpimaji, ya mtunza ghala, ya dereva, ya baharia wa kivukoni, ya muuguzi wa wodini. Mmoja akilegea, kazi ya wote imepotea. Sisi twaona kwamba kila mmoja wao amesimama mahali pa ndugu wa mgonjwa, ingawa hakuitwa kwa jina hilo.

Wavuvi wetu walijua jambo hili kabla yetu. Mvuvi wa sangara ajua kwamba samaki asiye na barafu ni hasara, hata awe mkubwa namna gani. Kwa sababu hiyo mitumbwi huchukua barafu hata visiwani, na samaki hufika viwandani Mwanza akiwa mzima, kisha huenda Ulaya. Damu ni ngumu kutunza kuliko samaki. Yataka baridi ya digrii 2 hadi 6, usiku na mchana. Ikipata joto, vijidudu huzaana ndani yake. Ikigusana na barafu ikaganda, chembe zake hupasuka. Tena ikitunzwa vema katika mifuko itumikayo sana, haidumu zaidi ya siku 35. Ikiwa twaweza kumfikisha samaki salama hata meza ya Mzungu, tutajibu nini damu ya jirani yetu ikiharibika kabla ya kufika Nansio?

Tufanye hesabu kidogo, kama tufanyavyo darasani. Tarehe 14 Juni ni siku ya wachangia damu duniani kote. Tuseme watu wengi hujitokeza siku hiyo kwa ngoma na nyimbo, kisha wasionekane tena. Damu yao itakoma kufaa karibu na tarehe 19 Julai. Mtoto aliyepungukiwa na damu kwa malaria mwezi wa Agosti haitamfaa kitu. Tena vijana wa shule za sekondari ni miongoni mwa watoaji wakubwa, hata shule zikifungwa ghala hupungua, lakini malaria haina likizo. Ukarimu wa siku moja ni mzuri, bali ukarimu wenye kalenda ni bora. Mwanamume mwenye afya aweza kutoa kila miezi 3, na mwanamke kila miezi 4. Haba na haba hujaza kibaba.

Mtu atasema, "Kutunza ni kazi ya Serikali na waganga, nao wana mashine." Ni kweli kwamba mashine zimefanya maajabu. Huko Rwanda, tangu mwaka 2016, ndege ndogo zisizo na rubani zilianza kupeleka damu hospitalini. Na mwaka 2018 ndege ya namna hiyo ilijaribiwa kupeleka dawa toka Mwanza hata Ukerewe, kilometa 60 kwa dakika 40 hivi. Lakini ndege haiwezi kuchukua kisichokuwapo ghalani. Wala mashine haiwezi kuandika katika daftari tarehe ambayo mtu mvivu hakuiandika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nasi tusio waganga tuna ulinzi wetu. Wa kwanza ni kusema kweli. Ugonjwa ulioingia mwilini juzi huenda usionekane katika kipimo. Kwa hiyo muuguzi akituuliza habari za maisha yetu, jibu la uongo laweza kumwua mtu ambaye kipimo hakiwezi kumwokoa. Na akituambia tusitoe, tukubali pasipo haya, maana kujizuia nako ni kutoa. Wa pili ni kutoinunua wala kuiuza damu, kwa kuwa atafutaye fedha ana sababu ya kuficha ugonjwa wake. Wa tatu ni kuwaheshimu watunzaji. Aangaliaye kipimajoto cha jokofu usiku wa manane hapigiwi makofi na mtu.

Basi swali letu twalijibu hivi: kutoa ni moyo, na kutunza ni moyo ule ule uliokubali kuendelea baada ya nyimbo kwisha. Amana iliyotolewa kwa upendo na kupotezwa kwa uvivu imemnyima mhitaji sawasawa na ile isiyotolewa kabisa. Kila mmoja na ajiulize: katika mikono ile mingi, wangu ni upi?