Kupanda Mlima Siku ya Njaa



Watu wa Ugogo wamerithi jina la njaa kuu, Mtunya. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Wako wazazi waliowaweka watoto wao rehani ili wapate chakula.

Katika Sura Al-Balad Mwenyezi Mungu ameifananisha njia ya wema na mlima mgumu kuupanda, nao ni kumwacha huru mtumwa, na kumlisha, siku ya njaa, yatima aliye jamaa au maskini aliye mavumbini. Hakutaja siku ya mavuno, maana siku hiyo kutoa ni rahisi. Wala hakuweka sharti kwamba yatima huyo awe wa dini yako.

Wewe uliyejiunga na Jumuiya karibuni, huenda baba yako mkubwa haitikii salamu yako. Je, mwezi wa Februari, uwele ungali mbichi shambani, mjukuu wake yatima akija na kibaba kitupu, utamjibu nini? Sura Luqman yatufundisha kwamba hata wazazi wakikushurutisha ushirikina, usiwatii katika hilo, lakini ukae nao kwa wema. Basi mjazie kibaba chake, wala usimsimange. Ukimrudisha mikono mitupu, mahubiri yako yote kwao yatakuwa kelele.

Mwenyezi Mungu atujalie nguvu ya kuupanda mlima huo. Amin.