Mtoto Asiyekula Njugu: Je, ni Kazi ya Mama Peke Yake?



Mzazi akimlipa mtu ampikie mtoto asiyeweza kula vyakula fulani, je, wajibu wake umekwisha? Swali hili limo katika nyumba nyingi za Meru na Embu, ingawa wachache hulitaja. Mama anafundisha shule, baba yuko dukani, na chakula kinatoka nje. Githeri iliyochemshwa tayari huuzwa sokoni kwa kipimo, mama wa kibanda hutuma chakula cha mchana kwa bodaboda, na unga wa uji hununuliwa ukiwa umekwisha kuchanganywa.

Unga huo tuuangalie vizuri. Mahindi, mtama na wimbi husagwa pamoja na soya, njugu karanga, na pengine omena, ili mtoto apate nguvu. Kwa watoto wengi ni chakula chema sana. Lakini mtoto mwenye mzio wa njugu, au aleji kama tulivyozoea kusema, kikombe kimoja chaweza kumvimbisha midomo, kumtoa vipele, kumtapisha, hata kumbana pumzi. Kukaanga njugu hakuondoi hatari. Na hata ukipeleka mahindi matupu, huenda mashine ileile imetoka kusaga njugu za mteja aliyekutangulia, na vumbi lake limebaki ndani.

Asemaye kwamba mke anayenunua chakula kilichopikwa ni mvivu hasemi haki. Tangu zamani majirani wamempelekea uji mama aliyejifungua, na hakuna aliyemlaumu. Mikono ya kupika yaweza kukodishwa. Kujua kilichomo chunguni ndiko kusikokodishwa, hata mahali penye sheria nyingi. Mwaka 2016, binti wa Uingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate ulionunuliwa tayari. Ulikuwa na ufuta ndani, na karatasi yake haikusema. Sheria ya kuandika kila kilichomo katika vyakula vya namna hiyo ilianza kutumika huko Oktoba 2021. Je, sufuria ya kibanda ina karatasi gani, isipokuwa mdomo wa mpishi na masikio ya mzazi aliyeuliza?

Hapa ndipo ndoa inapojaribiwa. Mara nyingi ajuaye ni mama peke yake. Baba hutoa pesa, na akiulizwa mtoto hali nini, hujibu, "Muulize mama yake." Siku mama amelazwa, au amekwenda mazishini Tharaka, mtoto anabaki na watu wanaompenda lakini wasio na habari. Bwana, kama wewe ni mmoja wa hao, usiseme ulikuwa kazini. Jambo lenyewe hujifunzwa kwa jioni moja.

Kisha yuko nyanya, anayeona mtoto amedekezwa, naye humpa kidogo kwa siri "azoee". Tusimdharau. Utafiti uliotolewa London mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wachanga walio katika hatari, walioanza kula njugu mapema, walipata mzio huo kwa uchache zaidi. Lakini huko kulikuwa kukinga, tena mbele ya madaktari. Mtoto ambaye amekwisha kuvimba ni habari nyingine kabisa. Kumweleza nyanya ni kazi ya mwanawe. Mkamwana akisema, huwa ugomvi wa jikoni. Mwana akisema kwa heshima, "Mama, chakula hiki chaweza kumuua mjukuu wako," husikika.

Wala tusimnyime mtoto maziwa na mayai kwa kudhani tu. Tumbo kuunguruma baada ya maziwa si lazima uwe mzio. Daktari aamue.

Je, mtoto huyu ale sahani yake peke yake pembeni? Kanisa lenyewe limekutana na swali la namna hii. Barua ya Roma ya mwaka 2003 iliruhusu wale ambao ugonjwa unawazuia kula ngano wapokee hostia yenye gluteni kidogo sana, au wakomunike kwa umbo la divai peke yake, wasitengwe na meza ya wote. Nyumbani nako, walau Jumapili, pakipikwa mukimo wa viazi vya Kibirichia, au ndengu za Mbeere, kila mmoja atapakuliwa kutoka sufuria moja. Kaka zake watakosa njugu siku hiyo, nao hawatakonda.

Jumamosi hii bwana abebe mahindi mwenyewe mpaka kwenye mashine, aulize ni nini kilichosagwa kabla ya chake, kisha amwambie mkewe alivyojibiwa.